Folda haionekani, basi tufungue diski nzima?

Swali: Nimeandika programu ya kupunguza ukubwa wa picha kwa GTK 4 na Python, nikaifungasha kwa flatpak-builder, zana ya kujenga programu za Flatpak, zinazoendeshwa ndani ya kizuizi (sandbox). Mtumiaji akibonyeza "Fungua", folda yake ya picha haionekani. Nilielekezwa niongeze --filesystem=host, ruhusa ya kufikia mafaili ya kompyuta, na kweli ikakubali, ila sasa duka la programu linaitangaza kuwa si salama. Halafu ujenzi unakwama kwenye pip, kisakinishi cha maktaba za Python, ingawa nimeweka --share=network kwenye finish-args. Nimekosea wapi?

Jibu: La pip ni jepesi, tulimalize. finish-args ni ruhusa za programu ikishafika kwa mtumiaji. Wakati wa kujenga hazihusiki kabisa. flatpak-builder hufunga mtandao kwa makusudi wakati moduli zinajengwa. Tumia flatpak-pip-generator ikuandikie orodha ya vyanzo, kila kimoja na anwani yake na sha256 yake (alama ya kuthibitisha faili), ili vipakuliwe kabla ujenzi haujaanza. Ukishafanya hivyo, ufute huo mstari wa mtandao. Programu ya kupunguza picha inatafuta nini kwenye intaneti?

Sasa hiyo host. Naikuta kwenye manifesti, yaani faili la maelekezo ya ujenzi, karibu kila wiki, na nikiuliza imefuata nini naambiwa, "bila hiyo haifanyi kazi." Nakisia msimbo wako unatumia GtkFileChooserDialog. Dirisha hilo huchorwa na programu yenyewe, ndani ya kizuizi, kwa hiyo linaona kile tu ambacho programu inaruhusiwa kuona, yaani karibu hakuna kitu. Badilisha uweke GtkFileDialog, iliyoanza na GTK 4.10, au GtkFileChooserNative kama uko kwenye toleo la nyuma. Hapo dirisha linafunguliwa kupitia xdg-desktop-portal, lango la mfumo lililo nje ya kizuizi, na mtumiaji anaona mafaili yake yote kama kawaida. Akichagua moja, lango linaikabidhi programu yako hiyo moja. Utaiona imekuja na njia inayoanza na /run/user/1000/doc/ kisha mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Iache ilivyo. Nimeona watu wakiikatakata njia hiyo ili wapate folda ya asili, wasome na picha za jirani. Wakikosa, wanarudisha host. Kama unataka kupunguza picha za folda nzima, mwambie mtumiaji achague folda, GtkFileDialog inaruhusu. Na kama kweli ni lazima programu ianze na folda ya picha bila kumuuliza mtu, --filesystem=xdg-pictures:ro inatosha: isome, isiandike.

Kinachonichosha ni imani kwamba ruhusa ni kero ya kuondolewa ili kazi iendelee. Ukiandika host umetoa pia folda ya nyumbani ya mtumiaji, kusoma na kuandika. Programu inayoweza kuandika huko inaweza kuongeza mstari mmoja kwenye ~/.bashrc, na siku mtumiaji akifungua terminali mstari huo utaendeshwa nje ya kizuizi kwa mamlaka yake yote. Kizuizi kimebaki jina. Najua utaniambia, "lakini programu yangu si ya wizi." Sijasema ni ya wizi. Inafungua picha zinazotoka popote, na maktaba za kusoma picha zina historia. Septemba 2023 ilitangazwa kuwa libwebp, inayosoma picha za WebP, ina tundu ambalo picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kulipitia na kuendesha msimbo, na tayari lilikuwa linatumiwa na washambuliaji. Siku kama hiyo, finish-args zako ndizo zinazoamua mtumiaji anapoteza picha moja au kila kitu.

Hawa mafundi wa kunakili na kubandika hawaishii kwenye host. Ndio wale wale wa chmod 777, amri ya kumruhusu kila mtu afanye lolote na faili. Wana mistari yao ya kutibu kila ugonjwa: --socket=session-bus (mawasiliano yote na programu nyingine), --device=all (vifaa vyote), na mbaya kuliko yote, --talk-name=org.freedesktop.Flatpak. Huu wa mwisho unaipa programu uwezo wa kuita flatpak-spawn --host na kuendesha amri yoyote nje ya kizuizi. Kihariri cha msimbo kinaweza kuwa na hoja ya kuuomba. Programu ya picha haina. Mtu akikupa mstari wa ruhusa bila kukueleza unafungua nini, usiuweke, hata kama programu itakubali mara moja. Hasa ikikubali mara moja, maana hapo hutarudi tena kuuliza.

Kwako wewe nategemea kuona --socket=wayland, --socket=fallback-x11, --share=ipc na --device=dri, basi. Wayland na X11 ni mifumo ya kuonyesha madirisha. Zingatia ni fallback-x11, si x11 tupu: X11 huiachia programu isikilize hata vitufe vinavyobonyezwa kwenye madirisha mengine, na fallback-x11 huipa nafasi hiyo pale tu ambapo Wayland haipo.

Ukishajenga upya, endesha flatpak info --show-permissions na kitambulisho cha programu yako, ulinganishe na ulichoandika. Kabla ya kuijaribu, kama katika kuhangaika uliwahi kutumia flatpak override, amri ya kubadilisha ruhusa kwenye kompyuta yako tu, ifute kwanza kwa flatpak override --user --reset na kitambulisho hicho hicho. Kama uliiweka kwa mfumo mzima, toa --user uiendeshe kwa sudo. La sivyo kwako itafungua kila folda, na kwa watumiaji wako itaendelea kugoma.