Mama yangu anavaa msalaba: je, damu ya Quds iko shingoni mwake?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Nilisilimu miaka sita iliyopita, naishi Dar es Salaam na mume wangu na watoto wawili. Mama yangu yuko Moshi, ni Mlutheri, na kisukari kimemlaza. Mguu mmoja hawezi kuukanyagia. Mwezi wa Rajabu nilitumiwa klipu ya mhadhara. Mhadhiri alieleza namna Wakristo walivyowachinja Waislamu Quds (Yerusalemu) mwaka 1099, akasema Vita vya Msalaba havijaisha, kila anayevaa msalaba ni askari wa vita hivyo, na anayekula naye anakula na muuaji. Mama anavaa msalaba. Tangu siku hiyo sipokei simu zake. Juzi mdogo wangu ameniandikia: "Mama anakuulizia." Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, binti yangu.

Barua yako niliisoma baada ya Isha ikaninyima usingizi. Yapo maswali matatu yaliyotangulia lako. Nimeyaruka, wenyewe wanisamehe. Na nisikuweke roho juu hadi mwisho wa maelezo: mpigie mama yako leo. Kumuunga ni wajibu, kumkata ni dhambi, na mhadhara ule haukuigeuza hukumu hiyo hata kwa herufi moja.

Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alijiwa na mama yake, naye bado ni mshirikina, katika siku za mkataba wa Mtume (s.a.w.) na Makuraishi. Akamuuliza Mtume, je, amuunge? Akamjibu: "Ndiyo, muunge mama yako." Wameipokea Bukhari na Muslim. Hebu zitazame siku zenyewe. Makuraishi ndio waliopigana na Waislamu Badr na Uhud. Waliouliwa ndugu zao walikuwa hai, makovu yao yanaonekana. Ilikuwa miaka michache tu, si miaka mia tisa, na jibu likawa ndiyo.

Sasa nimrudie mhadhiri. Jina lake silitaji, ingawa klipu hiyo nimeletewa na watu wanne, na mmoja wao aliileta kwa furaha.

Aliyoyasema juu ya mwaka 1099 ni kweli. Tarehe 15 Julai Wafaranji, yaani Wakristo waliotoka Ulaya Magharibi, waliingia Quds baada ya kuizingira kwa zaidi ya mwezi, wakaua wanaume, wanawake na watoto. Waliokimbilia Msikiti wa Aqsa waliuawa humo humo, na Mayahudi wa mji hawakusalimika. Waandishi wa Kifaranji wenyewe waliyaandika hayo, tena kwa kujisifu. Msiba huo siupunguzi. Ninachomlaumu ni kuukata mkanda pale panapomfaa.

Ibn al-Athir na wanahistoria wengine wa zama zile waliwaita wavamizi hao Ifranji, yaani Wafaranji, jina la watu na nchi watokako. "Vita vya Msalaba" kwa Kiarabu ni jina lililoenea karne ya 19, limetafsiriwa kutoka lugha za Ulaya. Waliozishika panga hawakulijua. Na wanahistoria hao walikuwa na sababu ya kutowaita wavamizi kwa dini yao, maana Sham (nchi za Syria na Palestina) ilikuwa imejaa Manasara, yaani Wakristo, Waarabu, watu waliokuwa wakiuziana nao mafuta na ngano tangu enzi za mababu. Salahuddin, Sultani wa Misri na Sham, alipoirudisha Quds tarehe 2 Oktoba 1187, Wafaranji walitakiwa kujikomboa kwa dinari 10 kila mwanamume na 5 kila mwanamke. Manasara wa mashariki waliruhusiwa kubaki majumbani mwao. Wapo waliomshauri alibomoe Kanisa la Kaburi Takatifu. Alikataa, kwa hoja kwamba Umar (r.a.) alipoufungua mji aliliacha. Ikiwa kila mwenye msalaba ni askari, basi Salahuddin aliwaacha maelfu ya askari wa adui ndani ya mji alioutolea jasho. Nani kati yao wawili alivijua vita vile?

Na atuambie Muinuddin Unur tumweke wapi. Huyu alikuwa mtawala wa Damascus, Mwislamu, na mwaka 1140 alifunga mkataba na mfalme wa Kifaranji wa Quds ili kumzuia Zengi, mtawala wa Mosul na Halab (Aleppo), Mwislamu mwenziwe. Mwaka 1204 jeshi lililojishonea misalaba mabegani likauvamia Constantinople, mji wa Wakristo, likapora makanisa yake. Wako pia wanaowaingiza Wareno katika hesabu hii kwa sababu matanga yao yalichorwa msalaba. Ni kweli yalichorwa. Lakini Malindi iliwapokea mwaka 1498 kwa uhasama wake na Mombasa, na pande zote mbili zilikuwa zikiswali kuelekea kibla kimoja.

Kuna jambo jingine, na hili linaniudhi kulisema kwa kuwa ni letu. Mwaka 1268 Sultani Baybars wa Misri aliitwaa Antakia, mji uliokuwa mikononi mwa Wafaranji. Wakazi wengi waliuawa na wengine wengi wakafanywa watumwa. Hata Quds mwaka 1187, wale maskini waliokosa fidia walichukuliwa utumwani, ingawa wengine waliachwa huru bila malipo. Damu ikiwa inarithiwa kwa dini, mama yako naye ana haki ya kukushika mkono akuulize habari za Antakia. Utamjibu nini? Utamwambia hukuwapo. Naye hakuwapo Quds.

Mwenyezi Mungu amelimaliza hilo katika Suratul Baqara, aya ya 134: hao ni umma uliokwisha pita, wao wana waliyoyachuma nanyi mna mliyoyachuma, wala hamtaulizwa juu ya waliyokuwa wakiyatenda. Mhadhiri ameihifadhi aya hii, sina shaka. Ameihifadhi, kisha akakuuliza wewe.

Alitaka visa vya vita vile. Nami ninacho kimoja. Aliyekisimulia ni Bahauddin ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Salahuddin, aliyekuwapo. Ni wakati wa mapigano ya Akka, mji wa pwani ya Palestina, majeshi mawili yameelekeana, na wezi wa upande wetu hujipenyeza usiku katika mahema ya Wafaranji. Usiku mmoja waliiba mtoto anyonyaye wa miezi mitatu. Mama yake akalia mpaka wakubwa wake wakamwambia: nenda kwa Sultani wao, ana huruma. Akavuka hadi kwa walinzi wetu, akapelekwa kwa Salahuddin, ambaye alikuwa juu ya farasi. Mwanamke akajitupa chini, akajipaka udongo usoni. Sultani alipoelezwa, machozi yalimtoka. Akaamuru mtoto atafutwe. Akaambiwa ameshauzwa sokoni. Akatoa bei yake, mtoto akarudishwa, wala Sultani hakuondoka mahali pale mpaka mtoto alipowekwa mikononi mwa mama yake. Mama akamkumbatia, akamnyonyesha watu wakitazama na kulia, kisha akapandishwa farasi akarejeshwa kambini kwao.

Huyo alikuwa Mfaranji kweli, wa jeshi la adui, vita vinaendelea. Mama yako ni mgonjwa wa Moshi.

Basi nenda. Simu peke yake haitoshi. Habari za 1099 usimsimulie, hazimhusu, mwambie tu, "Mama, nimekosa, nisamehe." Mumeo akisita, msomee hadithi ya Asmaa, na kama hakutosheka anitafute mimi. Msalaba wa ukutani usiuteremshe, nyumba ni yake. Swali chumba kingine au uani, swala yako itasihi. Nyama nunua mwenyewe njiani, ili mzozo wa machinjo usiingie jikoni kwa mgonjwa. Akitaka kupelekwa kliniki, na hata kama ni ya kanisa, mpeleke. Watoto wako wamsalimie bibi yao shikamoo na wamkalie karibu.

Na ule mguu. Marehemu mama yangu alikuwa na kisukari, nami niliuosha wake kwa miaka miwili. Maji yawe ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako, maana yeye huenda hasikii joto. Usiuloweke. Ukimaliza, kausha katikati ya vidole, kimoja kimoja, kwa kitambaa cha pamba kilicho laini, na utazame nyayo kama kuna kidonda ambacho hakukisema. Wamama hawasemi.

Wallahu a'lam.