Houston kutolewa: mazuri yapo, ila si yale unayoambiwa

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Houston yako ilimaliza ya pili kanda ya Magharibi ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, msimu wa 2024-25, ikatolewa raundi ya kwanza ya mtoano (anayepita ni anayewahi kushinda mechi nne kati ya saba) na Golden State waliomaliza wa saba, tena mchezo wa 7, tena nyumbani, 103-89. Kila unayemlalamikia anakujibu "vijana bado wadogo, tazama mazuri", na wewe unauliza kama hayo mazuri yapo kweli au watu wanajifariji tu. Mimi ni wa Oklahoma City, yaani Thunder. Kwenye kutolewa nina uzoefu wa kutosha, acha nichangie kwa kirefu.

Thunder niliifuata kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, chaguo la 2 la drafti ya 2009 (timu za NBA zikichagua wachezaji wapya kwa zamu), alipotua Oklahoma City mwaka 2012 nami nikahamia huko. Yeye aliondoka 2014, mimi nikabaki, na vipigo nikavila vyote. 2013 nyota wetu Russell Westbrook aliumia goti, Memphis wakatumaliza. 2016 ndiyo usiseme: tunaongoza 3-1 dhidi ya Golden State hao hao, Klay Thompson wao akatutwanga mitupo 11 ya pointi tatu mchezo wa 6, tukafa 4-3. Siku zile nasi tuliambiwa tutazame mazuri. Tumewatikisa mabingwa walioshinda mechi 73, kikosi ni kile kile, mwakani yetu. Julai nyota wetu mkubwa, Kevin Durant, akasaini Golden State. Mazuri yote yakahamia California.

Kwa hiyo sikulaumu ukikataa kufarijiwa. "Kikosi kipo" si zuri la kuhesabu, maana kikosi kinaweza kuondoka kabla hujamaliza kununa.

Ila 2024 ilikuwa tofauti. Msimu wa kawaida tulishinda mechi 57, tukamaliza wa kwanza Magharibi, na haijawahi kutokea timu yenye umri mdogo kama ule kukaa nafasi hiyo. New Orleans tukawafagia 4-0. Kisha wakaja Dallas wa Luka Dončić na Kyrie Irving. Mchezo wa 6 ulipigwa kwao, kwetu huku ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Natazama sauti nimezima, watu wamelala. Robo ya tatu tunaongoza kwa 17. Mwisho wa mchezo Shai Gilgeous-Alexander anamtengea Chet Holmgren, Chet anaudunga, 116-115 zikiwa zimebaki kama sekunde ishirini. Dallas wanauzungusha mpira mpaka kwa P.J. Washington wao nje ya mstari wa pointi tatu. Shai anaruka, anamgusa mkono. Filimbi. Sekunde 2.5. Kocha Mark Daigneault anaomba video irudiwe, waamuzi wanatazama, uamuzi haubadiliki. Mitupo mitatu ya adhabu: Washington anatia wa kwanza, anatia wa pili, wa tatu anaukosa makusudi ili muda uishe. 117-116, safari imekwisha.

Asubuhi kundi letu la WhatsApp lilijaa "ni pointi moja tu jamani". Hiyo ndiyo faraja nisiyoitaka kabisa. Pointi moja haikwambii kitu. Mguso ule usingetokea tungecheza mchezo wa 7 nyumbani, na pengine tungepita huku ugonjwa tunao.

Na ugonjwa ulionekana wazi kwa yeyote aliyetazama mechi badala ya ubao wa matokeo. Dallas waliamua kwamba Josh Giddey wetu hana haja ya kukabwa akiwa mbali na kikapu. Ukimtazama mtu aliyepaswa kumkaba, unamkuta amesimama chini ya kikapu. Giddey anapewa mpira, hakuna anayemfuata, anasita, anaurudisha. Shai naye akiingia ndani anakuta miili miwili mitatu inamsubiri, kwa sababu yule wa Giddey yupo pale pale. Mpaka mchezo wa 5 Daigneault akamtoa Giddey kwenye watano wa kuanza. Jambo la pili ni ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu. Chet, mwembamba vile, alikuwa anasukumana na Daniel Gafford na Dereck Lively kwa zamu. Dallas wakikosa, wanaokota, wanatupa tena.

Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mazuri ya kipigo kile, mkuu. Kipigo kilichotaja kasoro kwa majina. Ingekuwa huku kwetu kocha angefukuzwa kabla ya adhuhuri, Simba na Yanga tunazijua. Sam Presti, meneja mkuu, hakufukuza mtu. Juni akampeleka Giddey Chicago, akamchukua Alex Caruso, mtu kwa mtu. Julai akamsajili Isaiah Hartenstein kutoka New York, miaka 3, dola milioni 87, kazi yake kubwa kupigana na majitu marefu chini ya kikapu. Wale watatu wa msingi, Shai, Chet na Jalen Williams, hakuwagusa.

Tarehe 18 Mei 2025, mwaka mmodi kamili kwa tarehe ya Marekani tangu usiku ule wa Dallas, tulikuwa mchezo wa 7 dhidi ya Denver. Caruso, mlinzi wa mita 1.96, akapewa kumkaba Nikola Jokić wa mita 2.11. Nilidhani utani. Akawa anamkaa kwa mbele, anamsukuma, anagombea kila pasi isimfikie, na wenzake wanafunga nyuma. 125-93. Mwezi uliofuata tukawatoa Indiana mchezo wa 7, 103-91, kombe likaja.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba kila kipigo kina zuri linaloonekana. 2019 Damian Lillard wa Portland alitupa kutoka mbali huko, saa ikiwa inaishia, akatutoa na kutupungia mkono wa kwaheri. Ningekuona unatafuta mazuri usiku ule ningekublock. Julai mwaka ule ule nyota wetu Paul George akauzwa Clippers, tukapewa Shai pamoja na rundo la nafasi za drafti, na moja ya nafasi hizo ndiyo iliyomleta Jalen Williams 2022. Nani angelijua hilo? Hakuna.

Turudi kwa Houston. Amen Thompson kupata pointi 24 mchezo wa 7 akiwa msimu wa pili tu, hiyo ihesabu, maana alifanya huku wenzake wamepotea. Umri wa kikosi usiuhesabu. Kasoro nayo ilijitaja: mchezo ukipungua kasi hamkuwa na mtu wa kupewa mpira apate kikapu kwa nguvu zake. Jalen Green alifunga 38 mchezo wa 2, mchezo wa 7 akafunga 8. Viongozi wenu waliliona, ndiyo maana kiangazi cha 2025 Green na Dillon Brooks walikwenda Phoenix na aliyekuja ni Durant. Kwa tatizo lenu dawa ndiyo hiyo, ingawa alikuja akikaribia miaka 37 na dawa yenyewe ina tarehe ya mwisho.

Akikufaa nitafurahi kwa ajili yako, ila usinitegemee kumshangilia. Kesi yetu ya 2016 bado iko mahakamani.