Maswali na majibu: Kumtafuta Monet nje ya msongamano

Mwalimu, shikamoo. Binti yangu anaishi Paris na amenialika mwezi mzima. Tangu shuleni nampenda mchoraji Claude Monet. Nianzie makumbusho ya Louvre? (Mama wa Shela)

Marahaba, mama, na hongera. Louvre ina mambo mengi, lakini siko kwa Monet. Wengi watakupeleka Orsay, stesheni ya zamani ya treni iliyofunguliwa kama makumbusho mwaka 1986. Picha zake zimo tele, ila utazichungulia juu ya mabega ya watu. Mimi nakuomba uanzie Marmottan Monet. Panda treni ya chini ya ardhi, njia namba 9, ushuke La Muette, kisha utembee polepole. Ni nyumba ya mtu iliyoachwa wasia iwe makumbusho. Mwaka 1966 Michel, mtoto wa Monet, naye aliacha wasia kwamba picha za baba yake ziwekwe humo, na leo hakuna mahali duniani penye picha nyingi za Monet kuliko hapo. Teremka ngazi hadi ukumbi wa chini, utafute pa kukaa, usiharakishwe na mtu. Jumatatu hufungwa.

Nasikia humo mna picha ya bandari. Sisi watu wa bahari itatuambia nini? (Nahodha, Matondoni)

Itakuambia mengi kuliko itakavyomwambia mtu wa bara. Inaitwa “Impression, soleil levant”, jua likichomoza. Ni ndogo, sentimita 48 kwa 63. Monet aliichora mwaka 1872 huko Le Havre, mji wa bandari aliokulia. Ukungu umefunika milingoti na dohani, na mbele kuna kidau cheusi chenye watu wawili. Ukiwa mbali, jua limeshika anga yote. Sogea: ni kiduara cha rangi ya chungwa, na mwanga wake majini ni mipigo michache tu ya brashi, mizito, kama iliyopakwa jana. Nilisimama mbele yake nikakumbuka mkondo wetu wa Lamu alfajiri, kabla mashua hazijatweka tanga, na machozi yalinitoka.

Ilipoonyeshwa mwaka 1874, mwandishi Louis Leroy aliikejeli, na kutokana na jina la picha hiyo kundi zima la wachoraji likaitwa Waimpreshonisti. Mwaka 1985 majambazi wenye silaha waliingia Marmottan wakaiba picha tisa, hii ikiwemo. Zilipatikana Corsica mwaka 1990. Kabla hujakata tiketi hakikisha ipo ukutani, maana huazimwa: mwaka 2024 ilikuwa Orsay.

Nikimaliza hapo, niongeze wapi? (Msomaji, Langoni)

Makumbusho ya Orangerie, humohumo Paris, ingawa si pa siri. Vyumba viwili vya duara refu vimezungukwa na picha za Monet za mayungiyungi ya bwawa lake. Aliyachora macho yakimsumbua kwa mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji mwaka 1923, akafariki 1926, na vyumba vikafunguliwa 1927. Fika mlango unapofunguliwa, isipokuwa Jumanne. Ukipata siku ya ziada, panda treni stesheni ya Saint-Lazare, mwendo wa kama saa mbili hivi, uende Le Havre kwenyewe. Makumbusho ya André Malraux yako mdomoni mwa bandari. Unatoka kwenye picha, unakutana na meli.

Mimi sina nauli hata ya Nairobi. Nimuone wapi? (Mwanafunzi, Mokowe)

Picha yenyewe utaiona kwenye simu, mwanangu, na kuna jambo moja simu itakufundisha vizuri. Ifungue, kisha iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Lile jua karibu litoweke! Monet alilipa mwangaza karibu sawa na wa anga inayolizunguka, likatenganishwa na rangi peke yake, na ndiyo maana jicho linaliona kama linatetemeka. Siku ukilala Lamu mjini, amka mapema ukae forodhani, ulipige picha jua likitokea upande wa kisiwa cha Manda, uiondoe rangi vilevile. La Manda litabaki jeupe, linang'aa.