Afande, greda si kifaru chako

Juzi nikitoka Njoro nilimwona mwakilishi wadi mpya, mwanajeshi mstaafu kama mimi, amesimama mbele ya greda akimwonyesha dereva kwa kidole pa kwenda. Usiku sikulala vizuri. Wadogo zangu mliovua magwanda mkaingia bunge la kaunti, nisikieni.

1. Someni kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kinamkataza mwakilishi wadi kujiingiza katika kazi za utendaji. Mimi nilikisoma nikiwa nimeshachelewa.

Nilichaguliwa 2013, kaunti zikiwa changa, nami bado sauti ya sajini iko kooni. Masika ya mwaka uliofuata, greda ilikuwa kwenye barabara ya kituo cha maziwa. Alfajiri nikapigiwa simu kutoka upande wa juu wa wadi: mama mjamzito amebebwa kwa mkokoteni hadi lami. Damu ikanichemka. Nikamfuata dereva, nikamwambia tunapanda juu sasa hivi. Akasema taratibu, "Mheshimiwa, mpango kazi unasema huku." Nikamjibu kwa sauti ya gwaride. Akawasha injini.

Usiku ikanyesha. Barabara ya maziwa ilikuwa imeshakwanguliwa, na murram bado imerundikwa kando. Kulipokucha ilikuwa uji mtupu. Lori halikupita siku tatu. Nilimkuta mama mmoja akimwaga mtungi wake mtaroni, polepole, weupe ule ukijipenyeza kwenye tope. Aliniona. Hakusema neno, akainama kuusuuza mtungi.

Kisha dereva akapewa barua ya onyo. Jeshini anayeulizwa kwanza ni aliyetoa amri. Huku aliulizwa aliyetii. Nilikwenda kukiri kwamba kosa ni langu, nikaambiwa jina langu haliko popote kwenye karatasi za kazi ile. Na kweli, halikupaswa kuwapo. Nilimfuata dereva nyumbani kwake nikamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Alinikaribisha chai. Ile chai naikumbuka kuliko kiapo changu cha bungeni.

2. Barabara huanzia kwenye karatasi. Mpango wa maendeleo wa mwaka huletwa bungeni kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Yule mama wa mkokoteni alihitaji nipigane kwenye kamati miezi mingi kabla ya uchungu wake, na nilikuwa na nafasi hiyo. Nilikuwa matangani, nikihesabiwa kuwa mheshimiwa mwema.

3. Barazani keti, waache kina mama waanze.

4. Karani wa kamati anazijua Kanuni za Kudumu za bunge kuliko sisi sote, msikilize.

5. Ukaguzi msiuache, hapo ndipo tulipo na nguvu. Eldoret, tukiwa makuruti, afande alikuwa akipitisha kidole chini ya kitanda akitafuta vumbi. Fanyeni vivyo hivyo na ripoti ya matumizi ya kila robo mwaka: kalavati ngapi zimelipiwa, ngapi ziko ardhini? Nendeni mkazihesabu kwa miguu yenu, kisha mkaulize kwenye kamati, kwa maandishi, waziri wa kaunti akiwa ameketi mbele yenu.

Yule ndugu wa Njoro nimeshapata nambari yake. Nampigia leo jioni, kabla greda haijahama.