Shangazi Anajibu: Niko Leeds, kura yangu iko Nakuru

SWALI: Shangazi habari ya siku nyingi. Mimi ni wa Section 58 hapo Nakuru lakini saa hii niko Leeds, Uingereza, nasoma digrii, namaliza 2028. Rumeti wangu ni Mmarekani wa Ohio na yeye anapiga kura akiwa hapa hapa, anajaza fomu, anatumiwa karatasi, juzi nilimwona amekaa meza ya jikoni anapaka wino kwa vile viduara, akaweka kwa bahasha akapeleka posta, imeisha. Mimi nilijiandikisha shule ya mtaani nilipofika 18 na nimepiga kura mara moja tu, 2022. Sasa 2027 ndiyo hiyo inakuja, si na mimi naweza kutumiwa karatasi yangu kutoka Nakuru? Na kama haiwezekani nifanye nini? – Kijana wa Section 58

JIBU: Mwanangu, karatasi yako haitatoka Nakuru. Kenya hatuna kura ya posta wala ya intaneti, mpiga kura lazima afike mwenyewe kituoni, aweke kidole kwa ile mashine ya KIEMS, jina na picha zitokee, ndio apewe karatasi. Rumeti wako ana sheria ya kwao ya 1986 inayolazimisha majimbo yote yawape kura raia walio nje, na 2009 wakaongeza kwamba aliyeomba mapema atumiwe karatasi siku 45 kabla ya uchaguzi ili posta isimwangushe. Anahesabiwa kwa jimbo alilokaa mwisho kabla ya kutoka Marekani, ndio maana Ohio inamfuata mpaka Leeds.

Sisi Katiba ya 2010, kifungu cha 82, inasema Wakenya walio nje waandikishwe hatua kwa hatua, na hizo hatua zimekuwa za kobe kusema ukweli. 2013 ilikuwa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi tu, 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, 2022 nchi zikafika 12 na Uingereza ikawemo, kituo kikiwa London ubalozini. Waliojiandikisha nje mwaka huo walikuwa 10,443, na daftari lote la wapiga kura lilikuwa na watu zaidi ya milioni 22. Hiyo namba inaniuma kila nikiiona, kwa sababu mkituma pesa za karo na za hospitali nyumbani hakuna anayewaambia msubiri hatua kwa hatua.

Mimi mwenyewe 2017 nilikuwa nasoma Kampala. Asubuhi mapema tukapanga laini ubalozini, wengi wanafunzi, wengine wafanyabiashara wa Busia, na mbele yangu kulikuwa na msichana tuliyetoka naye Kisumu, ana kitambulisho mkononi, ana furaha. Alipoweka kidole mashine ikasema hayupo. Akaweka kingine, hayupo. Alikuwa amejiandikisha Kondele na hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba daftari la Kondele halisomeki Kampala, alidhani Mkenya ni Mkenya popote. Basi la kurudi nyumbani lisingefika kabla ya vituo kufungwa. Alikaa kwa ngazi pale nje mpaka sisi tukamaliza, na sijasahau uso wake, ndio maana nakuandikia kirefu hivi.

Kwa hivyo swali la kwanza la kujiuliza si London ama Nakuru, jiulize tarehe 10 Agosti 2027 utakuwa wapi. Angalia kalenda ya chuo, Agosti wanafunzi wa huko wengi wako likizo, na kama utakuwa umekuja nyumbani basi usihamishe kitu chochote, acha jina lako hapo shuleni mtaani. Nasema hivyo kwa sababu ubalozini unapiga kura ya rais peke yake. Nyumbani unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Ile barabara ya kwenu na maji ya mfereji yako kwa gavana na MCA, na London huwagusi. Ningekuwa wewe na nauli ipo, ningekuja.

Lakini kama Agosti utakuwa kazini huko ama tiketi haishikiki, hamisha jina uende London, na usingoje. Sheria ya uchaguzi inataka mtu anayehama kituo atoe taarifa siku 90 kabla, maana yake ikifika 12 Mei 2027 umechelewa. Isitoshe usajili wa ubalozini hufunguliwa kwa muda mfupi tu, kwa hivyo kaa ukifuatilia matangazo ya tume ya uchaguzi, IEBC, na ubalozi, na huko huko uthibitishe London imo kwa orodha ya vituo vya 2027. Ukihama umehama, ukitaka kurudi Nakuru baadaye lazima uhame tena.

Na stakabadhi: ile uliyojiandikisha nayo ndiyo unayopigia kura. Kama ulitumia kitambulisho, kitambulisho kiwe na wewe, si kwa droo ya mama.

SWALI: Shangazi mimi ni mama wa Kibuye, Kisumu. Kijana wangu anasoma India na kitambulisho aliniachia nikiweke salama. Siku ya kura naweza kwenda nacho nimpigie? Tunakubaliana mgombea mmoja.

JIBU: Hapana mama, tafadhali usijaribu. Kidole chako hakiwezi kuleta jina lake, na kupiga kura kwa jina la mtu mwingine ni kosa, unaweza kushtakiwa, hata kama ni mtoto uliyemzaa. India haikuwa kati ya zile nchi 12 za 2022, kwa hivyo mwambie aangalie kama imeongezwa, na kama haijaongezwa njia yake ni moja, apange likizo aje Kisumu apige mwenyewe. Kitambulisho endelea kumwekea, ila mpigie simu leo umuulize yeye alijiandikisha kituo gani, uandike kwa karatasi uiweke pamoja nacho.