Transista zangu zinaungua, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza taa ya banda la kuku. Transista ni BC547, inawasha rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), umeme natoa kwenye chaja ya simu ya volti 5. Waya wa swichi nimeupeleka moja kwa moja kwenye mguu wa kati. Zimeshaungua tatu. Halafu sielewi, huo mguu wa kati unaongezaje umeme? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Transista haiongezi umeme hata chembe. Umeme wote unaovuta rilei unatoka kwenye chaja yako, unaingilia mguu mmoja wa pembeni, kolekta, na kutokea ule wa pembeni mwingine, emita. Mguu wa kati, yaani besi, unaruhusu tu.

Mimi nililielewa hili kwa vidole. Fundi aliyenifunza alichukua BC547, taa ndogo nyekundu ya LED, rezista (kizuizi cha mkondo) ya omu 470 na betri ya volti 9, akaiacha besi inaning'inia. Kimya. Akaniambia nilambe vidole viwili, kimoja kiguse chanya ya betri, kingine besi. Taa ikawaka hafifu. Nilipobana, ikang'aa! Mkondo uliopita kwenye ngozi yangu haukufika hata miliampea moja.

Siri iko kwenye wembamba. Ndani mna tabaka tatu za silikoni, na ya besi ni nyembamba mno. Elektroni, ambazo hukimbia kinyume na mwelekeo tunaousema wa umeme, zinatoka emita; zikiingia humo, chache ndizo zinazotokea besi. Nyingi zinavuka mpaka kolekta.

Sasa kosa lako. Kati ya besi na emita ni dayodi, yaani njia ya umeme ya upande mmoja. Ikifika kama volti 0.7 inafunguka, na haijui kujizuia. Umeipa volti 5 kavukavu, ndiyo maana inaungua. Tia rezista ya omu 1,000 kwenye waya wa besi: volti 4.3 zinaishia hapo, besi inapata miliampea 4.3. Zinatosha.

Pima na koili ya rilei, yaani waya wake uliosokotwa. Ikiwa omu 70, itavuta miliampea 71. Mwisho wa BC547 ni 100. Dayodi 1N4007 ikae sambamba na koili, mstari wake upande wa chanya, kwani koili ikikatiwa umeme hurusha volti kali za kinyume.

Miguu, ubapa ukikutazama, kutoka kushoto: kolekta, besi, emita. Na kama taa ni ya volti 230, upande huo mwachie fundi umeme, tafadhali.