Shanga za kioo kupasuka usiku: tanuri kwanza, tochi kubwa baadaye

Mkuu, umesema shanga unazoyeyushia nyumbani kwa tochi ya gesi zinatoka safi, ila ukiamka asubuhi unazikuta na nyufa, na sasa unataka kununua tochi kubwa zaidi. Nami nafanya kazi hii kwenye kibanda cha uani. Hiyo hela nunulia tanuri dogo la umeme lenye kipimajoto.

Ushanga ukitoka motoni, nje hupoa na kukaza kwanza, ndani bado kuna moto. Kiini kikija kupoa kinataka kusinyaa, lakini ganda limeshakaza, basi vinavutana. Mvutano huo unabaki humo humo hadi baridi ya alfajiri iupasue ushanga. Tanuri linaupoza polepole, nje na ndani pamoja. Kufukia kwenye majivu ya moto kunasaidia shanga ndogo tu, na hata hivyo mimi siwezi kumuuzia mtu.

Kwa vijiti vya kioo laini, vile vya Murano, kisiwa cha Italia, vya namba 104, tanuri langu linafika nyuzi 510 za Selsiasi hivi kabla sijaanza kazi. Ushanga unaingia na kijiti chake cha chuma, mara tu wekundu unapofifia. Wa mwisho ukishaingia, naacha saa nzima, kisha nashusha polepole mpaka chini ya 370 ndipo nazima. Umeme ukikatika, usifungue mlango hata kwa kuchungulia. Matofali yanatunza joto.

Ila ufa ukifuata mpaka wa rangi mbili, hapo vioo vyenyewe havipatani. Namba 104 ni kiasi kioo kinavyotanuka na kusinyaa. Borosiliketi, kile kioo kigumu kinachostahimili joto, ni 33, haviungani kamwe. Vipande vya chupa tofauti navyo usivichanganye kwa kubahatisha. Kuna kipimo rahisi: chukua lenzi mbili za miwani ya jua ya polaraizi, ile inayokata mng'ao, zipishanishe juu ya taa mpaka giza liingie, kisha weka kioo katikati. Kwenye kiungo pakiwaka, pana mvutano.

Mtungi wa gesi ukae nje, mpira upite ukutani, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Vaa miwani ya didimiamu pia. Inachuja ule mwako wa njano wa sodiamu, ukaona kioo kinavyolainika.

Tochi uliyonayo, ya gesi na hewa bila oksijeni, inayeyusha taratibu, lakini kwa shanga za saizi hiyo inatosha kabisa.